Kufundisha madaktari wa figo mashariki mwa Uganda: shajara ya mradi

Shajara hii ni ya yeyote anayetaka kuanzisha mafunzo ya figo kwa madaktari wa uzamili katika hospitali ya rufaa isiyo na bingwa bobezi wa figo wa kudumu. Sisi tuko mashariki mwa Uganda, chini ya Mlima Elgon. Wagonjwa wetu huja wakizungumza Kigisu, Kiteso, Kiganda na, hasa wanaotoka mpakani Busia na Malaba, Kiswahili. Naongeza maandishi kila hatua inapokamilika. Ratiba, barua na vikao nitavipitia juu juu. Palipoharibika nitapaeleza kwa kirefu pamoja na bei zake, maana hapo ndipo atakayetufuata ataokoa fedha, na mara nyingine ataokoa mtoto.

Februari 2024: kwa nini tusisubiri

Hapa Uganda daktari akishamaliza intani na kufanya kazi kwa muda, hurudi chuoni kwa miaka 3 ya uzamili: magonjwa ya ndani, watoto, upasuaji na kadhalika. Tunawaita SHO, na usiku wodi za hospitali za kufundishia ziko mikononi mwao. Anayetaka kubobea kwenye figo baada ya hapo hufunga safari. Jumuiya ya Afrika Mashariki iligawana vituo vya umahiri: figo na mfumo wa mkojo Kenya, saratani Uganda, moyo Tanzania, uhandisi wa vifaa tiba Rwanda, lishe Burundi. Kwa hiyo wengi wetu tunatazama Nairobi. Wengine hupata ufadhili wa chama cha kimataifa cha madaktari wa figo, ISN, unaotolewa tangu 1985, wakaenda Afrika Kusini au India.

Njia hizo ni nzuri na nimewaandikia vijana barua za kuzipata. Ila anayekwenda ni mmoja, na wodi inabaki na SHO ambaye hajawahi kushika mpira wa kusafishia damu kupitia tumboni wala kupima klorini kwenye maji ya mashine ya kusafishia damu.

Kampala mambo yamesonga. Huduma ya umma ya kusafisha damu ilihamia Kiruddu kutoka Mulago, mwaka 2023 nchi ikapata sheria ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo, na Desemba ya mwaka huohuo Mulago ikapandikiza figo ya kwanza nchini. Nilifurahi kama wenzangu wote. Lakini huku kwetu mtoto wa malaria anayekojoa mkojo wa rangi ya kokakola, kisha akaacha kukojoa kabisa, anaweza kufa kwa potasiamu inayorundikana kwenye damu na kusimamisha moyo kabla gari halijavuka daraja la Jinja. Daktari wa kumwokoa huyo anapaswa kufundishwa palepale kitandani kwake, kwa vifaa vilivyopo pale. Msimamo huo ndio uliotuongoza katika mengi ya maamuzi yanayofuata.

Tulichokubaliana: mwaka mmoja wa mafunzo ya figo ndani ya uzamili wao, bila shahada mpya, kwa SHO 4, wawili wa magonjwa ya ndani na wawili wa watoto. Bingwa wa figo anakuja kutoka Kampala mara moja kwa mwezi, na kila wiki tunakutana naye kwa video. Nauli, malazi na chakula chake ni kama shilingi 450,000 kwa kila ujio. Hataki posho zaidi ya hiyo, na tunamshukuru sana.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa muda, na hakuna aliyetuonya. SHO wengi wanajilipia ada, kwa hiyo jioni hushika zamu kwenye kliniki za watu binafsi ili wapate kodi ya nyumba. Vipindi vya saa 11 jioni vilikuwa na viti vitupu. Tulivihamishia saa 1 asubuhi siku mbili za wiki, kabla ya raundi, tukaweka chai na chapati za 40,000 kwa wiki. Mahudhurio yalitengemaa. Anayepanga bajeti aweke chai hiyo mapema.

Machi 2024: mtaala wa kwanza umetupwa

Mtaala tulioanza nao ulikopwa kwenye hospitali kubwa za nje. Ulianza na mashine, ukaenda kwenye magonjwa ya vichujio vya figo, ukamalizia na upandikizaji. SHO waliusoma vizuri na kujibu maswali vizuri. Lakini ukipita wodini asubuhi, chati ya mkojo ya mgonjwa wa figo ilikuwa tupu, au imeandikwa "amekojoa", bila kiasi.

Tumeupindua. Mpangilio mpya: mkojo, maji mwilini, potasiamu, usafishaji damu kwa njia ya tumbo, sindano ya kukata kipande cha figo, mashine, na mwisho mazungumzo na familia. Upandikizaji unafundishwa kwa upande wa kumwandaa mgonjwa na kumfuatilia akirudi.

Sehemu ya mkojo imezaa matunda haraka kuliko tulivyotarajia. Kila SHO anazungusha mkojo mwenyewe kwenye sentrifuji na kuutazama kwa darubini ungali mbichi. Somo lililowakaa ni la watoto wa mkojo mweusi: karatasi ya kipimo inasema kuna damu nyingi, lakini darubini haioni chembe nyekundu. Ile ni hemoglobini iliyotoka kwenye chembe zilizopasuka ndani ya mishipa. Ukishaona hivyo unajua unashughulika na nini, na unajua figo ziko hatarini hata kama mtoto bado anakojoa.

Mambo mawili ya maabara yalitusumbua. Kwanza, mashine moja inatoa kreatinini (uchafu wa damu unaoonyesha figo zinafanya kazi kiasi gani) kwa mikromoli, nyingine kwa miligramu, na rufaa za vituo vya nje haziandiki kipimo gani. Miligramu moja kwa desilita ni mikromoli 88.4 kwa lita, kwa hiyo ukikosea hapo umekosea kila kitu. Tumebandika namba hiyo juu ya kila meza ya kuandikia. Pili, kipimo chetu cha kreatinini ni cha njia ya Jaffe, na bilirubini nyingi, ile rangi ya njano kwenye damu, hukishusha. Watoto wetu wa mkojo mweusi wana macho ya njano. Jibu linaweza kuonekana la kuridhisha wakati figo zimesimama. SHO wanafundishwa kuamini kiasi cha mkojo kuliko karatasi ya maabara pale mtoto anapokuwa na manjano.

Mwezi huu pia umetoka mwongozo mpya wa ugonjwa sugu wa figo wa KDIGO, taasisi ya kimataifa inayoandika miongozo ya figo. Tumechapisha kurasa za madaraja ya ugonjwa peke yake na kuzigawa. Kwa kukadiria uchujaji wa figo tunatumia fomula ya CKD-EPI ya 2021 isiyouliza rangi ya mtu.

Siku ya Figo Duniani, tarehe 14, tulipima watu presha na mkojo sokoni. Watu walijaa. Wenye protini kwenye mkojo tuliwaambia waje kliniki, na wengi hawakuja, kwa kuwa hatukuwapa tarehe wala jina la mtu wa kumuuliza. Ugonjwa sugu unahitaji ushahidi wa zaidi ya miezi 3, na kipimo kimoja cha sokoni hakitoshi. Mwakani hatupimi mtu bila kumpa kadi ya kurudi.

Juni 2024: tumbo kabla ya mashine

Hatua hii ndiyo kiini cha mradi. Utando unaozunguka matumbo una mishipa midogo mingi ya damu. Ukiingiza maji yenye sukari ndani ya tumbo kwa mpira, ukasubiri, kisha ukayatoa, yanatoka na uchafu na maji ya ziada. Usafishaji huu hauhitaji mashine wala mtambo wa kusafishia maji, na umeme ukikatika kazi inaendelea. Mwongozo wa chama cha kimataifa cha usafishaji wa njia ya tumbo, ISPD, wa 2014 na ule wa 2020, unaruhusu hospitali kutengeneza maji yake pale yale ya kiwandani yasipopatikana: lita 1 ya Ringa lakteti, yale maji ya dripu, ukiongeza mililita 30 za dekstrosi (maji ya sukari) ya 50% inakupa sukari ya karibu 1.5%.

Sentensi hiyo ya mwisho nusura itugharimu mtoto.

Mwongozo unazungumza kwa lita. Ringa tunayoletewa sisi iko kwenye chupa za mililita 500. Zamu moja ya usiku iliweka mililita 30 kwenye kila chupa, kama karatasi ilivyosema, na sukari ikafika karibu 2.8%. Maji yale yalivuta maji mwilini mwa mtoto kwa nguvu maradufu. Kilichomwokoa ni mizani: SHO wa alfajiri alipopima mifuko iliyotoka, aliona mtoto amepoteza zaidi ya tulichopanga, akamgusa mikono ikiwa ya baridi, akamrudishia maji polepole. Aliruhusiwa wiki iliyofuata akiwa anakojoa. Siku hiyohiyo tuliandika upya karatasi yote kwa kipimo cha chupa yetu: mililita 15 kwa chupa ya 500, kwa herufi kubwa, na neno lita limeondolewa kabisa. Anayeiga mradi huu aanze kwa kuangalia chupa zake, kisha ndipo aandike mwongozo.

Makosa mengine ya hatua hii, na tulivyoyarekebisha:

Mipira laini ya watoto ilichelewa forodhani, tukaanza na mipira ya kutolea maji kifuani. Ni ngumu, ilivuja pembeni, na mafuta ya tumbo yakaziba matundu. Ilipofika ile laini, daktari wa upasuaji aliwafundisha SHO kuiweka kitandani kwa dawa ya ganzi. Kibofu kwanza kiwe kitupu. Kiasi cha kwanza kiwe kidogo, mililita 10 kwa kilo, kisha kipandishwe kidogo kidogo tundu likishashika. Tulipoacha haraka ya kujaza tumbo, kuvuja kulipungua sana.

Maji baridi humfanya mtoto atetemeke na kulia, na mama yake akakosa imani na kazi nzima. Wauguzi walikuwa wanatumbukiza chupa kwenye beseni la maji moto. Shingo za chupa zikalowa, na wadudu wakapata njia. Sasa tuna sanduku la mbao lenye balbu ya zamani ya kutoa joto na kipimajoto ndani. Fundi seremala alitoza 60,000 pamoja na balbu. Joto ni kavu, chupa hazigusi maji.

Kuna aliyependekeza tuongeze baikaboneti kwenye Ringa kwa ajili ya watoto wenye asidi nyingi. Bingwa wetu aliwafanyia SHO jaribio mezani: chupa iligeuka nyeupe machoni pao, kwa sababu Ringa ina kalsiamu na hizo mbili hazikai pamoja. Hakuna aliyehitaji kuambiwa mara ya pili.

Maambukizi ya tumbo yalitupata. Dalili ni maji yanayotoka yakiwa na ukungu, na ukiyahesabu chini ya darubini unakuta chembe nyeupe zaidi ya 100 kwa mikrolita, nyingi zikiwa nyutrofili. Tulipofuatilia, kila mtu alikuwa anachanganya dekstrosi mahali popote penye nafasi, hata juu ya kabati la dawa. Sasa kuna meza moja, muuguzi mmoja kwa zamu, na mlango unafungwa wakati wa kuchanganya. Sista mkuu wa wodi ndiye aliyelidai hilo, na hakumwacha hata profesa apite.

Kuhusu potasiamu: Ringa yenyewe ina potasiamu kama milimoli 4 hadi 5 kwa lita. Kwa hiyo tumbo haliishushi haraka, na mtoto mwenye moyo unaoyumba bado anahitaji kalsiamu, glukosi na insulini, na salbutamoli wakati tumbo linaandaliwa.

Mifuko inayotoka tunaipima kwa ile mizani ya kuning'iniza ya kliniki ya watoto. Kilo 1 ni karibu lita 1. Chati ni ya kila saa: yaliyoingia, yaliyotoka, tofauti. Chati ya jumla ya asubuhi ilikuwa inaficha makosa ya usiku mzima.

Pamoja na hayo tunawasomesha jaribio la FEAST la 2011, lililofanywa Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto 3,141, baadhi yao wakiwa kwenye wodi za mashariki mwa Uganda. Watoto waliomiminiwa dripu kwa kasi walikufa zaidi ya waliopewa kwa kiasi. Daktari wa figo huku kwetu anapaswa kulijua hilo kabla ya kujua jina la mashine yoyote.

Niandike pia kilichotupa nguvu. Msichana mdogo kutoka upande wa Teso alikaa siku kadhaa bila tone la mkojo. Bibi yake alipewa kikombe cha plastiki chenye alama na kuelezwa kazi yake. Usiku mmoja alitoka mlangoni na kikombe mkononi akaita, "Sista, njoo uone, amekojoa!" Zilikuwa mililita chache tu, na mkojo wenyewe bado mweusi. SHO wa zamu aliandika kiasi, saa na rangi, kisha akamshika bibi mkono. Figo zilirudi kidogo kidogo, mpira ukatolewa.

Gharama ya mtoto mmoja, ukijumlisha mpira laini, Ringa, dekstrosi, glavu na dawa, ilikuwa kati ya 400,000 na 700,000 kutegemea siku alizokaa. Mpira ndio ulao zaidi ya nusu.

Septemba 2024: sindano

Kukata kipande cha figo kwa sindano ili kichunguzwe maabara ni ujuzi wa mkono, na mkono haufundishwi kwa mgonjwa wa kwanza. Tulitengeneza figo ya mazoezi: jelatini nzito iliyochanganywa na unga kidogo wa mahindi ili altrasaundi ionyeshe ukungu kama wa nyama, na ndani yake figo ya mnyama.

Tulianza na figo ya ng'ombe kwa kuwa bucha iko karibu. Haifai. Figo ya ng'ombe imegawanyika mafungu mafungu, na SHO wakazoea umbo ambalo hawatalikuta kwa binadamu. Ya nguruwe inafanana sana na yetu kwa ukubwa na ulaini wa nje, na inauzwa 6,000 hivi. Lakini mmoja wa SHO wetu ni Mwislamu na hakutaka kuishika, na hakupaswa kulazimishwa. Tumeweka meza ya pili yenye figo za kondoo. Ni ndogo, kwa hiyo tunazifunika kwa kipande kinene cha nyama ya ubavu wa ng'ombe ili kina kifikie sentimita 4 au 5. Yule kijana ndiye mwenye mkono mtulivu kuliko wote sasa, na nadhani ni kwa sababu alijifunzia kwenye shabaha ndogo. Wote tumewahamishia kwenye kondoo kwa wiki za mwisho za mazoezi.

Jelatini huyeyuka mchana. Tunafanya asubuhi, na tumeongeza kipimo chake mara moja na nusu.

Kosa kubwa la hatua hii lilikuwa la vichupa. Vipande vya mwanzo vyote viliwekwa kwenye fomalini na kutumwa. Maabara ilisoma kwa darubini ya kawaida, ikasema kipimo cha kung'arisha kingamwili hakiwezekani tena. Kwa mgonjwa mmoja hilo lilimaanisha kwamba tulimtibu bila kujua kwa uhakika kama ni lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe) au ni kitu kingine, na dawa za lupasi si za kubahatisha. Ilibidi tumweleze yeye na mume wake waziwazi. Alikubali kuchomwa tena, na kipande cha pili kikatoa jibu.

Sasa kuna kisanduku kilichofungwa tayari: kichupa cha fomalini, kichupa cha kimiminika cha Michel kinachohifadhi kipande siku kadhaa bila barafu, kioo cha kukuzia, na karatasi ya maelezo. Kioo ni cha kutazamia kipande palepale: vichujio huonekana kama vinukta vyekundu. Usipoviona, umekata mafuta au sehemu ya ndani ya figo, na ni afadhali ulijue kabla mgonjwa hajageuka. Sindano ya kukatia ya geji 16 imetugharimu kama 130,000 kila moja. Kutuma na kusomewa nje ya nchi ni ghali kuliko yote, zaidi ya 1,000,000 kwa mgonjwa, na hapo ndipo mfuko wa mradi unapovuja.

Baada ya sindano mgonjwa analala chali, na chupa za mkojo wake zinapangwa dirishani kwa mfuatano wa saa. Ukipita usiku unaziona zikitoka kwenye wekundu hadi njano. Zikirudi nyuma kuwa nyekundu, SHO anaitwa bila kusubiri asubuhi.

Januari 2025: maji na mashine

Mzunguko wa kwanza wa mafunzo kwenye kituo kimoja cha kusafishia damu cha Kampala haukufaa. Kituo kina wagonjwa wengi, SHO walisimama ukutani wakitazama, wakarudi na picha za simu. Malazi ya mwezi kwa wawili yalikula 1,600,000. Mzunguko wa pili tuliupanga upya: kila mmoja alikwenda na daftari la kazi zenye sahihi, na wiki yake ya kwanza haikuwa kwa madaktari kabisa. Alikuwa na fundi wa maji, kuanzia saa 11 alfajiri.

Watu wa nje hushangaa kwa nini nasisitiza maji. Mashine hupitisha mililita 500 kwa dakika, kwa saa 4. Hizo ni lita 120 kwa kipindi kimoja, na anayesafishwa mara 3 kwa wiki damu yake hukutana na lita 360 kupitia utando mwembamba mno. Klorini ambayo tumbo lako linaimeza bila shida, hapo inapasua chembe nyekundu. Kiwango kisizidi miligramu 0.1 kwa lita. Mwaka 1996, huko Caruaru, Brazil, sumu ya mwani kwenye maji ya kituo cha kusafishia damu iliua wagonjwa wengi. Tunaisoma habari hiyo yote, hatua kwa hatua, na SHO wanaulizwa: wewe ungesimamisha mashine saa ngapi?

Swali hilo limejibiwa na mmoja wao kwa vitendo. Baada ya usiku wa mvua kubwa, kijikaratasi cha kipimo baada ya tangi la kwanza la makaa yanayonasa klorini kilivuka kiwango. Wagonjwa walikuwa wameshakaa vitini, wengine wamesafiri tangu usiku. Alizuia mashine zote, akapima baada ya tangi la pili, akakuta salama, akarudia, kisha akaruhusu kazi kwa sharti la kupima kila nusu saa na tangi la kwanza kubadilishwa makaa. Wagonjwa walinung'unika na yeye akapita kiti kwa kiti akiwaeleza. Kichupa cha vijikaratasi kilikuwa 180,000. Sijawahi kuona fedha ya mradi iliyotumika vizuri kuliko hiyo.

Machi 2025: mazungumzo

Tulilifundisha hili kwa slaidi na halikushika. SHO walijua hatua zote za kupasha habari mbaya, lakini wodini waliendelea kumwanzishia mgonjwa mashine bila kumtajia gharama, familia ikauza ng'ombe, kisha shamba, kisha wakaacha kuja. Wengine tulisikia kwa ndugu zao kwamba wamefariki.

Sasa tunafundisha kwa kukaa ndani ya mazungumzo yenyewe, kwa ruhusa ya familia. Moja nitalieleza. Mzee mmoja wa mpakani, mfanyabiashara wa ng'ombe, figo zake zilikuwa zimefika daraja la 5, yaani la mwisho, uchujaji chini ya 15. Alikuja na kijana wake mkubwa. SHO alivuta kiti akaketi.

"Daktari," mzee alisema, "nikiuza shamba la kahawa, nitapona?"

"Baba, mashine haiponyi figo. Inafanya kazi yake siku ile. Kesho kutwa inabidi urudi, na hivyo hivyo maisha yote."

"Shamba litanilipia muda gani?"

Walipiga hesabu pamoja kwenye karatasi: kipindi, nauli, chakula cha msindikizaji, sindano za kuongeza damu, dawa za presha. Kijana ndiye aliyekuwa anaandika. Haikufika mwaka. SHO akaeleza njia nyingine: dawa, chakula, kupunguza maji mwilini, kutibu kuwashwa na kichefuchefu, na kuhudumiwa nyumbani hadi mwisho. Akaeleza pia kupandikizwa, na kwa nini kwa moyo wake mzee ilikuwa hatari. Mzee alisema atazungumza na mama watoto. Wiki iliyofuata alirudi akasema shamba libaki kwa watoto. Niliheshimu sana uamuzi ule, na ningeheshimu vilevile kama angeamua kuuza, kwa kuwa safari hii angekuwa anajua anachonunua.

Tumetengeneza kadi ya gharama ya wiki, mwezi na mwaka, nauli ikiwemo, na hakuna sindano ya kwanza ya mashine bila kadi hiyo kusomwa.

Jambo moja la kitabibu lisisahauliwe hapa. Uganda ni nchi inayoheshimika kwa morfini ya maji, dawa ya maumivu makali. Hospice Africa Uganda, shirika la huduma shufaa (ya kuwatuliza wagonjwa wasiopona), ilianza 1993, na tangu 2004 wauguzi waliosomea huduma hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Hiyo ni baraka kubwa. Lakini mabaki ya morfini hutolewa na figo, na kwa mgonjwa wa daraja la 5 yanarundikana hadi anasinzia na pumzi kupungua. Dozi ianze ndogo na nafasi kati ya dozi iwe ndefu. SHO wetu wamekaa na timu ya huduma shufaa, kila upande ukajifunza kwa mwenzake.

Juni 2025: kundi la kwanza limemaliza

Mtihani wa kuchagua majibu tuliufuta kwenye tathmini ya mwisho, kwa sababu Februari wote walikuwa wameupasi na bado wawili hawakuweza kuchanganya chupa bila kusahihishwa. Tunapima kwa kutazama: weka mpira, changanya maji, soma mkojo, pima klorini, ongea na familia. Sahihi ya muuguzi ina uzito sawa na ya bingwa. Wote 4 wamepita, mmoja baada ya kurudia sehemu ya sindano. Mmoja ameshapata nafasi ya kwenda Nairobi kubobea, na anakwenda akiwa na mikono inayojua kazi.

Mwezi uliopita Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kwanza kuhusu afya ya figo. Nimelichapisha na kulipeleka kwa uongozi pamoja na ombi letu la bajeti. Nitaandika hapa jibu likija.

Kwa anayeanza na fedha kidogo, anunue kwa mpangilio huu: vikombe vyenye alama na chati za mkojo, mizani ya kuning'iniza, mipira laini ya watoto, meza ya kuchanganyia na sanduku la joto, vijikaratasi vya klorini. Sindano za kukatia zije mwisho, baada ya kupata maabara itakayosoma kwa bei mnayoimudu. Sisi bado hatujaipata. Tunazungumza na mtaalamu wa patholojia aliye tayari kusoma picha za darubini kwa intaneti, tukinunua kifaa cha kupigia picha hizo. Kundi la pili linaanza Agosti, SHO 5, na safari hii tumemwongeza muuguzi mmoja kama mwanafunzi kamili.